Herufi Nene na Unywele Wake

Karibuni. Tazameni ukutani kwanza. Hiyo ni "a" moja tu, nimeikuza mpaka imejaa. Mnaona shina la kulia lilivyo pana, na lile tone zito linaloning'inia juu kushoto. Sasa tafuteni kinachoviunganisha: mstari mwembamba kama unywele. Watu huisifu herufi hii kwa unene wake. Mimi nashikilia kuwa uhai wake uko kwenye huo unywele. Uunenepeshe nao, utabaki na doa jeusi.

Tofauti hiyo kali ilinolewa mwishoni mwa karne ya 18 na mchapaji Bodoni kule Parma, Italia, na akina Didot, familia ya wachapaji jijini Paris. Zao zilikuwa herufi za vitabu, tena vitabu vya watu wenye nafasi. Zilizoshuka barabarani ni za London. Miaka ya mwanzo ya 1800 mabango yaligombea macho ya wapita njia, na Robert Thorne, aliyekuwa akisubu herufi za chapa, ndiye anayetajwa sana kuwa alizinenepesha mashina na kuuacha unywele ulivyo. Matangazo ya bahati nasibu yalizipenda mno. Thorne alipofariki mwaka 1820, karakana yake ilinunuliwa na William Thorowgood, na inasemekana fedha zenyewe alizipata kwa kushinda bahati nasibu! (Kicheko.)

Leo hamhitaji karakana. Abril Fatface, kwa mfano, ni fonti ya bure mtandaoni, na ni nzuri kweli. Ndiyo maana inateswa. Mmewahi kuona kadi ya harusi ambayo hata namba za simu za wanakamati zimepigwa kwa herufi za namna hii? Katika udogo huo unywele hupotea. Mkono wa "e" ukifutika, inasomeka "c". Sifuri inakuwa vijiti viwili, na mgeni hajui ampigie nani. Mkichapa nyeupe juu ya nyeusi ni balaa zaidi, kwa sababu wino hutambaa ukauziba kabisa.

Kwa hiyo: maneno machache, makubwa. Na hapo Kiswahili kinatubana, maana herufi hizi ni pana na maneno yetu ni marefu. "Tunawakaribisha" ina herufi kumi na tano. Kwenye bango jembamba haiingii. Msiivute kwa kompyuta ili ikae, mtauharibu unywele. Andikeni "Karibu", basi.

Tuna nafuu moja: hatuna alama juu ya irabu kama Wafaransa, hivyo mistari ya kichwa cha habari inaweza kusogezwa karibu sana, na ikisogezwa inapendeza. Ila chungeni ritifaa, kile kialama cha ('). Katika fonti hizi ni tone nene, na "ng'ombe" huachwa na pengo katikati kana kwamba ni maneno mawili. Sogezeni "o" kwa mkono, msiiachie programu.