Makorokoro ya Nyumba: Mapatano Kabla ya Gari Kufika

Asalaam aleikum, wazee shikamooni. Mada ni kukodi wabeba taka wa kusafisha nyumba: ya urithi inayogawanywa, au stoo iliyofungwa miaka mingi. Hapa Tanga ugomvi huzuka gari likishafika mlangoni, kwa kuwa mwenye nyumba alisema kwenye simu, "vitu kidogo tu."

Mwiteni dereva atazame mzigo, au mtumieni picha za kila chumba. Bei ya tripu inafuata nafasi na uzito, na viwili hivi haviendi pamoja. Chukueni kirikuu yenye bodi ya mita 2 kwa 1.4. Pangeni makochi na magodoro hadi kimo cha mita 1: mita za ujazo 2.8, na gari bado jepesi. Mwageni kifusi sentimita 20 tu kwenye bodi hiyo hiyo, uzito unafika kilo 700 au zaidi, na kwa macho gari bado tupu. Hapo springi hukatika, au dereva hudai tripu ya pili. Kifusi kitengeni, wapo wanaokitafuta kujazia viwanja. Godoro la sponji lisinyeshewe, likilowa watu wawili hawalinyanyui. Likiwa na kunguni, lifungeni nailoni humo humo chumbani, la sivyo mtawasambaza nyumba nzima.

Ulizeni pia: wapakiaji wamo kwenye bei? Gari linafika mlangoni, au mzigo utoke kichochoroni kwa mkokoteni? Huo mkokoteni analipa nani?

Kabla ya kupakia chochote, droo zote zivutwe, na nyuma ya makabati patazamwe. Hati ya kiwanja ikishafika dampo hairudi. Kwenye nyumba ya urithi warithi wakubaliane kwanza, maana kibaruwa hajui kipi ni taka na kipi ni kumbukumbu ya marehemu.

Vyuma viuzeni kando. Shaba na alumini zisichanganywe na bati, mtalipwa bei ya bati. Nyaya msizichome kutafuta shaba. Moshi wa plastiki ile ni sumu, na watoto ndio wanaouvuta.

Linaloniuma zaidi ni mzigo unapoishia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa halmashauri jukumu la taka ngumu, kwa hiyo ulizeni ofisi ya kata nani anaruhusiwa kuzoa mtaani kwenu. Bei ya chini kupita kiasi mara nyingi maana yake mzigo utamwagwa kwenye mikoko usiku, na mikoko ndiyo mazalia ya samaki wetu. Mlipeni nusu akishapakia, nusu akileta picha ya mzigo ukishushwa dampo.

Betri za gari, taa za tyubu na friji zisiingie kwenye mzigo huo. Betri ina madini ya risasi na asidi, tyubu ina zebaki. Friji isikatwe bomba ili kutoa kompresa: gesi inatoka yote hewani, na friji za zamani zina ile inayoharibu tabaka la ozoni. Mpelekeeni nzima fundi wa friji mwenye mashine ya kuivuta gesi hiyo.