Namna ya Kumbunia Sokwe wa Riwaya Lugha Yake, kwa Mfano wa Mangani

Karibu, ndugu mtazamaji. Video hii inarekodiwa hapa Tanga, na imekusudiwa kwa mwandishi wa riwaya za kusisimua ambaye ameshampata sokwe wake wa kubuni, ameshamchorea misuli na meno, lakini kila anapomfumbua kinywa anamkuta anazungumza Kiswahili cha taarifa ya habari. Tutawatengenezea sokwe hao lugha ndogo hatua kwa hatua, na mfano tutakaoupekua ni lugha ya Mangani, sokwe wakubwa waliobuniwa na Mmarekani Edgar Rice Burroughs katika hadithi za Tarzan, mtoto wa binadamu aliyelelewa na sokwe, hadithi ambazo zilianza kuchapishwa jaridani mwezi Oktoba 1912 na kutoka kama kitabu mwaka 1914. Burroughs hakuwahi kufika Afrika, jambo ambalo litajitokeza zaidi ya mara moja katika kazi yetu. Hata hivyo, katika ufundi wa kuunda maneno alikuwa na mbinu ambazo mwandishi wa huku anaweza kuzichukua, na moja kubwa ambayo namshauri aiache.

Vifaa ni vichache: kaunta buku moja, kalamu mbili za rangi tofauti, karatasi ya manila iliyokatwa vipande vya ukubwa wa kiganja, na simu inayoweza kurekodi sauti.

Hatua ya kwanza ni kumpa sokwe wako makazi na majirani kabla ya kumpa neno lolote. Mangani si gorila. Gorila kwao huitwa Bolgani, naye ni mnyama mwingine kabisa ambaye hupambana nao. Upambanuzi huo una maana, kwa sababu kundi lolote lenye lugha litakuwa na jina la adui yake. Sasa tuseme sokwe wako wanaishi katika mapango ya mawe ya chokaa kama yale ya Amboni, yapata kilomita 8 kaskazini ya mji wa Tanga, na kwamba matunda yakiiva hupanda hadi misitu ya Usambara. Andika upande wa kushoto wa ukurasa viumbe ambao wangekutana nao kweli katika safari hiyo: mbega, kima, komba, popo, chui, tai, chatu na binadamu. Kumbuka pia kuwa sokwe halisi wa nchi yetu wako magharibi, katika hifadhi za Gombe na Mahale ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kwa hiyo msomaji atataka kujua hawa wa kwako wamefikaje pwani. Jibu hilo uwe nalo mapema.

Usimwandike mnyama asiyekuwepo. Katika toleo la jarida, Burroughs alimweka simbamarara, mnyama wa Asia, ndani ya msitu wa Afrika, akamwita Sabor. Kitabu kilipotoka, Sabor akageuzwa kuwa simba jike, ilhali simba dume ana jina lake, Numa. Kwa maoni yangu rekebisho hilo liliifaa lugha kuliko alivyotarajia, maana sokwe anayeogopa kuwindwa ana sababu njema ya kumtofautisha simba jike na dume lake.

Nidokeze hapa kwamba nyani si wageni katika fasihi ya Tanga. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, aliwageuza ndugu wawili kuwa manyani katika Adili na Nduguze. Wale, hata hivyo, walikuwa binadamu kabla ya kugeuzwa, kwa hiyo msamiati mpya hawakuuhitaji. Wa kwako wanauhitaji.

Hatua ya pili ni kuchagua sauti, na haina haja ya kutuchelewesha. Katika mfano wetu nimeruhusu irabu tatu, a, o na u, pamoja na konsonanti g, h, m, n na r, basi. Burroughs hakujibana namna hiyo: tembo wake ni Tantor, chui ni Sheeta, nyoka ni Histah, ambamo mfoko wa nyoka mwenyewe unasikika. Uhuru huo unapendeza, lakini anayeanza hufaidika na uzio, kwa sababu sauti chache zinazorudiarudia ndizo zitakazomfanya msomaji aamini kuwa maneno yote yametoka katika kinywa kimoja.

Hatua ya tatu: anza na hofu. Neno la Mangani ambalo wasomaji wengi hulikumbuka ni kreegah, yaani hatari, jihadhari. Jingine ni bundolo, ua. Hapa riwaya iko karibu na maumbile kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1980 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Amboseli, Kenya, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa tumbili wana milio tofauti kwa maadui tofauti: wakichezewa rekodi ya mlio wa tumbili wa kuonya juu ya chui, hukimbilia mitini, wakichezewa wa kuonya juu ya tai, hutazama juu au hujificha vichakani, na wakichezewa wa kuonya juu ya nyoka, husimama wakatazama chini. Kwa maneno mengine, mlio humwambia tumbili atazame wapi. Chukua kadi ya kwanza, uandike ragu, chui. Ya pili, muru, tai. Kisha andika kadi mbili fupi zaidi kwa kalamu ya rangi ya pili: ho, yaani juu, na ga, yaani chini. Kamera sasa iko karibu na meza, kwa hiyo tazama ninavyozisogeza: ho mbele ya ragu inatupa horagu, chui aliye mtini, nikiondoa ho na kuweka ga, ninapata garagu, chui aliye ardhini. Kadi nne zimeshatoa onyo ambalo sokwe mtoto angelielewa kabla hajafundishwa sarufi.

Hatua ya nne ni kuunganisha mizizi ili kupata majina ya jamaa na wageni, na hapa nakuomba utulie nami kidogo. Jina Tarzan limeundwa kwa mizizi miwili ya Mangani, tar, nyeupe, na zan, ngozi. Aliyempa jina hilo ni Kala, sokwe jike aliyemlea baada ya kufiwa na mtoto wake mwenyewe, na kwa kiwango hicho neno linaaminika kabisa: mama amempakata mtoto asiye na manyoya, na kinachomshangaza kwanza ni ngozi. Tatizo linaanza mzizi huo unapopandishwa cheo. Watu weupe wanakuwa Tarmangani, watu weusi wanakuwa Gomangani, kwa kuwa go ni nyeusi, kana kwamba mnyama wa msituni angeketi kuwapanga binadamu kwa rangi kabla ya kuuliza ni yupi mwenye upinde na ni yupi mwenye bunduki. Hapo sokwe amenyamaza. Inayosema ni Marekani ya mwaka 1912, pamoja na dharau yake kwa Waafrika, dharau ambayo msomaji wa huku ataikuta katika sehemu nyingi za riwaya hizo. Chukua mbinu ya kuunganisha mizizi, lakini kipimo chake kiache kulekule Chicago alikozaliwa mwandishi.

Kipimo cha sokwe wako kitoke katika maisha ya sokwe. Sokwe halisi hujenga viota mitini vya kulalia karibu kila jioni, kwa hiyo swali ambalo kiumbe wa aina hiyo angemwuliza mgeni ni hili: wewe unalala wapi, juu au chini? Andika kadi mpya, runo, jamaa. Ukitanguliza ho unapata horuno, jamaa wa juu, na hilo ndilo jina ambalo sokwe wanajiita wenyewe. Ukitanguliza ga unapata garuno, jamaa wa chini, ambaye ni binadamu wa kila rangi, mvuvi wa Deep Sea hapa Tanga sawasawa na mtalii aliyekuja kuona mapango.

Sasa lipime jina hilo kwa kisa. Mkwezi amefika shambani asubuhi, panga kiunoni, ameukumbatia mnazi kwa mikono na nyayo, anapanda kwa mwendo uleule ambao sokwe hupanda, na sokwe wawili wanamtazama kutoka kichakani. Huyu ni garuno au horuno? Lugha yao haina jibu, na pale lugha inapokosa jibu ndipo mwandishi anapopata sura nzima ya riwaya. Mzee wa kundi atasema ni garuno aliyepotea njia. Kijana atadai kwamba anayepanda hivyo hawezi kuwa mtu wa chini. Mwandishi aliyewagawa viumbe kwa rangi asingekipata kisa hiki.

Hatua ya tano ni sarufi, na ninashauri kanuni moja au mbili tu. Katika mojawapo ya hadithi zilizokusanywa kitabuni mwaka 1919, Burroughs anaeleza kuwa lugha ya Mangani hutanguliza bu kwa kiume na mu kwa kike. Tarzan, aliyejifunza kusoma peke yake kwa vitabu vya picha bila kuwahi kusikia binadamu akitamka herufi hata moja, alizibunia herufi majina yake, kisha akaziona kubwa kuwa za kiume na ndogo kuwa za kike. Neno la Kiingereza lenye maana ya Mungu lina herufi tatu, g kubwa, kisha o na d. G aliiita la, o aliiita tu, na d aliiita mo, basi akalitamka bulamutumumo. Msomaji wa Kiswahili, aliyezoea viambishi vya ngeli kukaa mbele ya neno, atakifuata kitendawili hiki bila jasho, na mimi nakihesabu miongoni mwa kurasa bora za mfululizo mzima, kwa sababu sarufi imetumika kutuonyesha akili ya mtoto mpweke. Ukiwa na kanuni ya namna hii, itumie mara moja kwa ukamilifu, kisha uipumzishe.

Kanuni ya pili ya kuazima iko katika neno kagoda. Mshindi akiwa amemkaba adui hulitamka kwa kuuliza, umesalimu amri? Na aliyeshindwa hulirudisha lilelile, nimesalimu amri. Kiswahili chetu nacho huuliza kwa kupandisha sauti tu, kwa hiyo mbinu hii inakaa vizuri kabisa katika maandishi yetu. Tuirudie sasa ile sura ya mnazini, na uone jinsi kila neno geni linavyofuatwa na maana yake papo hapo, kama Burroughs anavyofanya anapomtaja Numa na kuongeza mara moja kuwa ni simba:

"Garuno," mzee alinong'ona, akimwonyesha yule jamaa wa chini kwa kidevu.
"Ho," kijana akajibu. Juu.
"Garuno ho?"
"Garuno ho."

Maneno mawili yametosha kwa swali, jibu na ukaidi. Usiongeze la tatu katika ukurasa huohuo.

Hatua ya sita ni kujaribu maneno kwa masikio ya watu. Rekodi orodha yako yote kwa simu, umsikilizishe mtu ambaye hajaona kadi, umwombe aseme kila neno linamkumbusha nini. Kama mzizi wa jamaa ungekuwa ramu badala ya runo, binadamu angeitwa garamu, na masikio ya Tanga yangesikia gramu za dukani. Burroughs hakuwa na wa kumsikilizisha huku pwani. Mnyama wa jamii ya paa kwake ni Bara, nasi bara tunaijua kuwa ni kule treni inakoelekea. Na mashujaa wa Kiafrika wanaoandamana na Tarzan tangu mwaka 1913 ni kabila linaloitwa Waziri, jina ambalo humfanya msomaji wetu asubiri gari lenye bendera.

Mwisho kuna suala la faharasa. Burroughs aliambatisha moja katika kitabu cha mwaka 1921, lakini ilikuwa ya lugha nyingine, ya viumbe wenye mikia wa nchi ya Pal-ul-don, iliyojaa majina ya mahali na ya watu. Lugha yenye kadi chache kama hii yetu haihitaji faharasa nyuma ya kitabu. Andika neno kwa herufi za mlazo linapotokea mara ya kwanza, kisha liache litembee kama maneno mengine. Rekodi ya sauti, kwa upande mwingine, usiifute. Ihifadhi pamoja na mswada, kwa sababu atakayekuja kuisoma riwaya hiyo redioni atataka kujua mkazo wa horuno unakaa kwenye silabi gani.