Meno ya Shafti Hayachomelewi

Assalamu alaykum. Vijana wangu wa amali, na nyinyi mafundi wenzangu mliofunga karakana mkaja, ahsanteni. Nimeombwa nizungumzie matengenezo ya shafti, vile vyuma vinavyopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, kwa gari za fowili, zinazosukumwa na matairi yote manne. Yapo mengi, lakini walionisikia Konde na Mkoani, kisiwani Pemba, wanajua naanzia wapi: meno ya shafti, yale ya nchani yanayoshika kitovu cha gurudumu, yakilika, usishike mashine ya kuchomelea.

Hii shafti ipitisheni mkono kwa mkono. Imetoka gurudumu la mbele la gari iliyokuwa ikibeba karafuu. Jino zima huwa na mabega mawili. Haya yamechongoka kama ya msumeno, na ukipitisha ukucha unakwama pale yalipokuwa yakikaa ndani ya habu, yaani kitovu hicho. Huo unga mwekundu kwenye mifereji si udongo wa shamba, ni chuma. Meno yasipobanwa sawasawa husuguana, mwendo mdogo hata jicho halioni. Chuma kinatoka unga, unga unashika kutu, na kutu hiyo inakuwa msasa. Ngozi ngumu ya jino, ile iliyopikwa kiwandani, ni nyembamba. Ikishalika, ndani ni chuma laini, na hapo haichukui siku.

Mwenye gari alianza kusikia "ko!" kila akitoka rivasi kwenda mbele. Msimu ulikuwa umepamba moto, akapuuza. Siku moja yuko kilimani na magunia nyuma, anakanyaga mafuta, injini inanguruma, gari haijongei. Gia zinaingia, klachi nzima. Wangapi hapa wangeshusha gia boksi? Wengi, na nimeziona gia boksi zilizoshushwa bure. Fowili ya muda wote ina difu tatu, yaani gia zinazogawa nguvu pande mbili: ya mbele, ya nyuma na ya kati, na difu ya kawaida haiwezi kutia nguvu upande mmoja kama upande wa pili hauna kinachoupinga. Shafti moja ikizunguka bure ndani ya habu, matairi manne yote yanasimama. Kama gari ina kitufe cha kufunga difu ya kati, kifunge. Ikiondoka kwa matairi ya nyuma, acha gia boksi ipumzike, ugonjwa uko mbele.

Fundi aliyeitwa pale kilimani akachomelea ncha ya shafti na habu. Gari ikapanda, mwenyewe akalipa, akashukuru. Hazikupita wiki nyingi, beringi ikaanza kulia, maana ule moto ulishaichoma grisi na sili yake. Ndipo nikaletewa mimi. Sasa niambieni: ili beringi itoke, shafti lazima ichomoke kwenye habu. Inachomoka vipi na vimekuwa chuma kimoja? Nilikata kwa grainda tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Shafti ikafa, habu ikafa, beringi ikafa. Vipuri vikasubiriwa kutoka Unguja kwa meli, na karafuu mbichi zimerundikwa shambani hazina wa kuzichukua. Mnajua wenyewe karafuu mbichi ikirundikwa huchemka, ikaharibika. Yule mzee mwenye gari alisimama karakanani kwangu akitazama gurudumu, hasemi neno. Mpaka leo naiona sura yake.

Mtaniambia, "Maalim, mteja hana pesa." Najua hana, ndiyo maana nasema! Angebadilisha shafti na habu siku ya kwanza, hata vya gari kuukuu, angelipa mara moja. Na mwengine ataniambia propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu, imechomelewa tangu kiwandani. Kweli, lakini tazama wapi: imechomelewa kwenye bomba, mbali na meno. Ukipeleka moto kwenye jino lenyewe unaua ugumu wake, na pembeni ya weldi chuma kinakuwa kikavu, kinapasuka.

Basi kipimo ni hiki, hakitaki mashine. Nyanyua gari, weka stendi, piga mstari wa chaki kutoka ncha ya shafti mpaka kwenye habu. Mwenzako azuie shafti kwa ndani, wewe sukuma tairi mbele na nyuma. Mstari ukivunjika, meno yamekwisha. Msichanganye na ule mchezo mdogo wa ndani ya difu, huo upo hata kwenye gari mpya. Tazameni maungio yenyewe.

Na mkibadilisha, badilisheni dume na jike pamoja, yaani shafti na habu yake. Dume jipya likitiwa kwenye jike lililolika, linashika kwa ncha tu, na mtarudi pale pale. Kisha nati. Hii naishikilia kwa sababu ndiyo mara nyingi iliyoanzisha yote: nati ya shafti ililegea, au ilirudishwa ile ile ya zamani, ikakazwa kwa spana na bomba kwa kukisia. Nunua mpya, kaza kwa spana ya kipimo kama kiwanda kilivyosema, funga kufuli lake.

Naona nakonyezwa kwamba muda umekwisha. Propela, haraka: meno yake yale ya kuteleza lazima yateleze, kwa sababu kila gari ikipita shimo difu inapanda na kushuka na urefu unabadilika. Ukiyachomelea, kishindo kinakwenda kwenye beringi za transfa, lile boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma. Kabla hamjaitenganisha wekeni alama, masikio ya ncha mbili, yanayoshika misalaba, yarudi kama yalivyokuwa, la sivyo gari itatetemeka. Grisi msishindilie mpaka ijae, itazuia meno kuingia. Jino likiwa limelika, apelekewe mkereza akate bomba, atie kipande kipya cha meno, dume na jike, apime kama imenyooka.

Tairi kuukuu nne za ukubwa tofauti pia zinaua shafti, lakini hilo lingetaka saa nzima, litabaki siku nyengine. Na nyinyi mnaoingia pwani kupakia mwani, osheni chumvi chini ya gari kwa maji baridi, yasiyo ya bahari, siku hiyo hiyo, si Ijumaa ijayo.

Gari iko nje, imeshanyanyuliwa, chaki iko kwenye boneti. Gurudumu moja kati ya manne meno yake yamelika. Tokeni watatu watatu mkanionyeshe ni lipi.