"Unafanya nini huko kwa Waarabu?" Nawajibu nikiwa Marrakesh

Haya wapendwa, karibuni Marrakesh, Moroko. Leo najibu, maana kila nikipandisha video swali ni hilo hilo: "Dada, unafanya nini huko kwa Waarabu?" Najua kuna atakayesema naringa. Siringi. Karatasi za ukaazi zimenikausha: cheti cha kuzaliwa kitafsiriwe kwa hela, mkataba wa nyumba ugongwe muhuri, halafu naambiwa picha ina kivuli, nirudi Jumatatu. Wala silalamiki, ndiyo hali yenyewe.

Sasa swali. Kiarabu wanaongea, ndiyo. Lakini mji huu ulianzishwa karibu mwaka 1070 na Abu Bakr ibn Umar, wa kabila la Lamtuna, Mwamazigh wa Sahara (Waamazigh, au Waberberi, ndio wenyeji wa Afrika Kaskazini tangu kabla ya Waarabu), kiongozi wa dola ya Al-Murabitun, wale wanaume wa kuziba nyuso kwa kitambaa. Ngome yake ya mawe haijakamilika, ugomvi ukazuka kwao jangwani. Akamwachia uongozi binamu yake, Yusuf ibn Tashfin. Abu Bakr akampa mkewe Zaynab talaka, hakutaka ateseke jangwani, na Yusuf akamwoa. Abu Bakr aliporudi akamkuta binamu ana jeshi kubwa. Inasimuliwa Zaynab ndiye aliyemshauri Yusuf: usijishushe mbele yake, ila mjaze zawadi. Abu Bakr akaelewa, akapokea zawadi, akarudi zake jangwani. Damu haikumwagika.

Hapo huwa naumia. Mimi nimetuma hela ya kiwanja nyumbani, nikasikia kimeandikwa jina la mtu mwingine, na ndugu hatusalimiani mpaka leo. Yeye aliachia mji mzima!

Yusuf ndiye aliyevuka bahari mwaka 1086 akampiga mfalme Mkristo Alfonso VI kule Zallaqa, Hispania. Mwaka 1147 mji ukachukuliwa na Abd al-Mu'min wa Al-Muwahhidun, dola iliyowapindua Al-Murabitun, naye Mwamazigh. Wakafuata Wamarini, nao ukoo wa Kiamazigh, wakatawala kutoka mji wa Fez. Na hawa msiwapite haraka: msafiri maarufu wa Moroko, Ibn Battuta, alifika Kilwa yetu mwaka 1331, na ni sultani wa Kimarini, Abu Inan, aliyeamuru safari zake ziandikwe. Kazi ikaisha 1355. Bila Waamazigh hao, sifa za Kilwa ya wakati ule tungezisoma wapi?

Wanaouliza waje au wasije, siwezi kumwamulia mtu, kila mmoja na riziki yake. Ila ukija, mabaki ya ile ngome ya Abu Bakr yako pembeni ya msikiti wa Koutoubia. Na vyeti vyako vitafsiri mapema.