Kuta za handaki la upepo zisikudanganye

Karibuni tena karakana, hapa Kampala. Handaki letu mnalijua: sanduku la plaiwudi, feni iko nyuma inavuta, na sehemu ya kupimia ina upana wa sentimita 30 na kimo cha 30. Leo tunapima mfano mdogo wa kamunye, yaani teksi ya basi dogo.

Barabarani, upepo ukikutana na gari hutawanyika upendavyo. Humu ndani hauna pa kwenda. Unabanwa kati ya gari na ukuta, unaongeza kasi, na mizani inasoma ukinzani wa hewa mkubwa kuliko ule wa kweli.

Kwa hiyo piga hesabu kabla hujashika msumeno. Gari lenyewe lina upana wa kama mita 1.7 na kimo cha mita 2. Ukilichonga kwa kipimo cha 1 kwa 20, uso wake wa mbele ni sentimita za mraba 85. Gawanya kwa 900, eneo la sehemu ya kupimia: gari linaziba asilimia 9 na ushee. Hiyo imezidi, kawaida tunakaa chini ya 5. Kwa 1 kwa 30 unapata kama 38, yaani asilimia 4.2. Tunachonga hiyo. Kushuka zaidi sishauri, mizani yetu haitahisi kitu.

Sasa sakafu. Washa feni, funga uzi mwepesi kwenye kijiti, ushushe polepole. Tazameni hapa: juu uzi umenyooka, ukikaribia sakafu unalegea na kutikisika. Hewa ya chini inakokota miguu. Kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde, mita moja kutoka mdomoni, tabaka hilo la hewa ya polepole hufika sentimita 2 hadi 3, na kamunye yetu nzima haifiki 7! Basi inua ubao mwembamba, ukingo wa mbele umechongwa mkali, sentimita 4 juu ya sakafu, gari likae karibu na ukingo huo.

Hapa ndipo wengi husahau: kimo kimebaki 26, eneo ni 780, na ile 4.2 imeshakuwa 4.9. Tumepona kwa tundu la sindano.

Kinachobaki kisahihishe kwa kalamu. Robo ya ile asilimia 4.9, yaani 0.012, ndiyo nyongeza ya kasi. Ukinzani hufuata kipeo cha pili cha kasi, kwa hiyo gawanya ulichopima kwa 1.024. Ni makadirio, ila yanatosha.

Najua mtauliza kuhusu kuta zenye mianya. Zinafaa sana kupunguza kule kubanwa kwa upepo; John Stack na wenzake wa maabara ya Langley, Marekani, walipata tuzo ya Collier ya 1951, tuzo ya mambo ya anga, kwa kazi hiyo. Lakini handaki letu linavuta, shinikizo la ndani ni dogo kuliko la nje. Ukitoboa ukiacha wazi, hewa ya karakana itajimwaga ndani. Mianya yote izungushiwe sanduku lisilovuja hata kidogo. Kama silikoni yako haitoshi, usitoboe.