Pini za mlango wa tanuri: kilainishi kikavu badala ya grisi

Karibuni tena karakanani, hapa Changamwe. Leo nina pini mbili za bawaba kutoka kwenye tanuri la mikate. Hebu sogea uone: huu weusi uliogandamana ni grisi iliyoungua ikawa makaa. Pini hizi hufika nyuzi 250, na grisi ya kawaida haimudu.

Tutapaka molibdenamu disalfaidi, unga mweusi unaoteleza, ukiwa umeshikiliwa na resini ya poliimaidi, yaani gundi inayovumilia joto. Resini ya epoksi ni rahisi kupata, lakini joto hili litaimaliza. Na hata unga wenyewe una kikomo: hewani, ukikaribia nyuzi 400 huoksidika, kwa hiyo boliti za egzosi msiniletee. Grafaiti je? Kwa hewa yetu ya chumvi, ikilala juu ya chuma penye unyevu huchochea kutu. Mimi siitaki.

Toa mafuta yote kwa asetoni, na tangu hapo vaa glavu. Alama ya kidole tu yatosha kuharibu kazi. Kisha piga pini kwa chembe kali za alumina zinazorushwa kwa hewa ya kompresa, mpaka mng'ao wote uishe, iwe kijivu kilichofifia. Resini hushika kwenye mikwaruzo hiyo. Kwenye chuma kisichokwaruzwa itabanduka.

Kabla ya kupuliza, mwaga maji ya kompresa. Msimu wa masika langu hutoa maji kama limevuliwa baharini! Na usiiache pini iliyopigwa ilale hadi kesho, itashika kutu.

Tikisa mkebe wa kilainishi vizuri, maana unga hutuama chini. Vaa barakoa ya kemikali, pulizia pazia jembamba, ngoja likauke, rudia. Tunatafuta mikroni 10 hivi, wembamba kuliko unywele. Hapa ndipo wengi huharibu: wanapaka kama rangi ya geti, eti nene ndiyo hudumu. Nene hupasuka na kumeguka.

Sasa oka kwenye ovena ya umeme ya karakana, si ya jikoni kwa mama. Pandisha joto polepole ili thina iliyomo kwenye kilainishi itoke, la sivyo utaona malengelenge. Kiwango cha mwisho na muda, fuata mkebe wako.

Ikipoa, sugua kwa kitambaa chenye asetoni. Kitambaa kikitoka cheusi tii, haijaiva, irudishe. Ikiwa sawa, funga mlango, ufungue na kuufunga mara kadhaa. Unga kidogo utadondoka, usishtuke. Pini itaanza kung'aa. Na tafadhali, usiongeze mafuta juu yake.