Kipawa Kilichokupandisha Cheo na Kipawa cha Kuongozea

DAUDI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo dada Rehema nami tunazungumzia jambo ambalo wengi tumelipitia bila kuandaliwa: mtu anapandishwa cheo kwa sababu ni hodari katika kazi fulani, kisha kesho yake anatakiwa kufanya kazi nyingine kabisa, yaani kuwaongoza wenzake. Dada, tuanzie wodini, kwa kuwa wewe uliyaishi haya.

REHEMA: Ahsante, kaka Daudi. Niliteuliwa kuwa muuguzi mfawidhi wa wodi ya watoto, na kila mtu pale, nami nikiwemo, aliamini kwamba nimeteuliwa kwa ajili ya mikono yangu. Mtoto aliyeharisha hadi mishipa ikapotea, ambaye wauguzi wawili wamekwisha kumchoma bila mafanikio, aliletwa kwangu, na mara nyingi kanula, yaani mrija mwembamba wa kupitishia maji na dawa mshipani, iliingia kwa jaribio la kwanza. Baada ya kupewa wodi niliendelea vivyo hivyo: nikiitwa naacha ratiba ya zamu, naacha maombi ya dawa, nakwenda. Niliamini kwamba huko ndiko kuongoza kwa vitendo.

DAUDI: Na wodi ilikwendaje?

REHEMA: Ilisimama nilipokuwapo na kuyumba nilipokuwa mapumzikoni. Wauguzi vijana hawakujifunza, kwa sababu kila mshipa mgumu ulikuwa wangu. Hilo linaniuma hadi leo, maana mtoto aliyeishiwa maji mwilini usiku wa manane hawezi kungoja zamu ya asubuhi.

DAUDI: Nadhani hapo ndipo wengi tunapopotea, kwa kuwa tukiambiwa tukuze vipawa vyetu tunazidisha tu kile tunachosifiwa. Katika uhasibu wa chama chetu cha ushirika nilisifiwa kwa wepesi wa kugundua makosa, basi nikawa msimamizi anayegundua makosa ya watu kutwa nzima. Wewe ulitambuaje kwamba umeshika kipawa kisicho chenyewe?

REHEMA: Kwa daftari. Peter Drucker, mtaalamu wa menejimenti aliyezaliwa Vienna mwaka 1909, alishauri kwamba kila unapofanya uamuzi mkubwa uandike matokeo unayoyatarajia, na baada ya miezi 9 au 12 uyalinganishe na yaliyotokea. Ni utaratibu mwepesi unaohitaji uaminifu mwingi. Niliandika kwamba dawa za jioni zitaacha kuchelewa kwa sababu nitazisimamia mwenyewe. Hazikuacha. Tena kulikuwa na mstari ambao nusura nisiuandike, kwamba nitawaelekeza wauguzi wawili wapya kando ya kitanda kila tunapokabidhiana zamu. Miezi 9 baadaye hao wawili ndio waliokuwa wakiendesha zamu za usiku kwa utulivu kuliko wengine wote.

DAUDI: Kumbe kipawa hakikuwa vidoleni.

REHEMA: Vidole vilikuwa ujuzi, na ujuzi huo naushukuru. Kipawa kilikuwa kulieleza jambo gumu taratibu, bila kumwaibisha anayejifunza mbele ya mama wa mgonjwa. Hakuna aliyewahi kunisifia hilo, kwa sababu matunda yake yalionekana kwa watu wengine, wakati mimi sipo. Nilipolijua, nililifanyia kazi kama mtu anavyojifunza fani: nilichagua kisa kimoja kila wiki, nikakieleza, kisha nikamwomba kijana anirudishie maelezo kwa maneno yake, na pale alipokwama nilijua ni mimi sikueleza vizuri.

DAUDI: Watumishi wa umma nchini Tanzania walikuwa na fomu ya OPRAS, ya kupimia utendaji wao wa kazi, tangu mwaka 2004, kabla ya mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS kuchukua nafasi yake. Mtumishi alijipa alama, msimamizi akampa zake, kisha wakaafikiana. Daftari lako linaongeza nini juu ya hapo?

REHEMA: Fomu inauliza kama umetimiza lengo mliloafikiana, na ni haki mwajiri aulize. Daftari linauliza ulijidhania nini. Fomu unaijaza ukijua kwamba itasomwa na mtu mwenye usemi juu ya cheo chako, kwa hiyo unaijaza kwa tahadhari, lakini daftari halisomwi na mtu mwingine.

DAUDI: Maelezo yako yananikumbusha jambo. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na Januari 1962 Mwalimu Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama chake cha TANU na kuzungumza na wananchi, akamwachia Rashidi Kawawa, aliyekulia katika vyama vya wafanyakazi, uendeshaji wa serikali. Desemba ya mwaka huohuo alirudi akiwa Rais. Zipo sababu za kisiasa nami sizipuuzi, lakini nikiitazama hatua hiyo kwa macho ya mtu wa kazini, ninamwona kiongozi aliyejua kwamba ualimu wake unahitajika nje ya ofisi, na kwamba ofisi inaweza kushikwa na mwenzake.

REHEMA: Kumwachia mwenzako ndiyo sehemu iliyonigharimu zaidi. Ratiba na maombi ya dawa nilimkabidhi muuguzi mwenye utulivu wa hesabu ambao mimi sina. Katika wiki ya pili alinieleza kwa heshima kwa nini dawa za jioni zilikuwa zikichelewa: ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwangu, nami kila jioni nilikuwa nimeinamia mkono wa mtoto kwenye chumba kingine. Nilikuwa nimetafuta kosa hilo kwa watu wote isipokuwa mimi.

DAUDI: Na udhaifu mwingine, je? Wapo wanaosema tuushughulikie udhaifu wote kwanza.

REHEMA: Siafikiani nao, ila udhaifu unaoweza kumdhuru mgonjwa hauvumiliki. Ripoti zangu za makabidhiano zilikuwa fupi mno, nikazirekebisha hadi zikatosha, nikaishia hapo. Muda uliobaki niliutumia kufundisha.

DAUDI: Kabla hatujaagana, ile mishipa migumu ilipata mwenyewe?

REHEMA: Usiku mmoja umeme ulikatika na mtoto wa miezi saba akaletwa akiwa amelegea. Mama yake alinitambua, akataka nimshike mimi. Nilimwomba aniamini, nikasimama upande wa miguu, na muuguzi kijana akaupapasa ule mkono mdogo kwa muda niliouona mrefu sana. Kanula iliingia. Kazi yangu usiku ule ilikuwa kushika tochi.